Unga wa LB kopo la gramu 500: nunua tu, ila usiulaumu kwa makosa ya flaski

Mwenye haraka achukue hili aondoke nalo: unga wa LB uliochanganywa tayari, ule wa kutengenezea chakula cha bakteria wa maabara, naupa nyota nne kati ya tano kwa mtu anayeotesha E. coli za kawaida za maabara, zile DH5α za kuzalishia plasmidi (viduara vya DNA) na ndugu zake, na nyota mbili tu kwa anayetaka protini nyingi. Hiyo nyota moja iliyopungua haijaliwa na unga, imeliwa na kopo, nitafika huko. Kampuni sitaji kwa sababu nimetumia za kampuni tofauti tofauti na kusema kweli ukishaumwaga kwenye maji huwezi kujua upi ni upi, tofauti zao ziko kwenye kifuniko, kwenye bei na kwenye muda mzigo unaokaa njiani kabla haujafika Dar.

Kwa ambaye ndo anaanza, LB ni brothi, chakula cha maji cha bakteria. Ndani mna vitu vitatu tu: triptoni, ambayo ni protini ya maziwa iliyokatwakatwa na kimeng'enya, ekstrakti ya hamira, na chumvi. Basi, hamna siri nyingine hapo. Giuseppe Bertani aliichapisha mwaka 1951 huko Marekani akiwa kwenye mambo yake ya virusi vinavyoshambulia bakteria, alikuwa anatafuta chakula ambacho bakteria wa Shigella wangestawi vizuri ili madoa ya virusi yaonekane, wala hakuwa na mpango wa kulisha E. coli za dunia nzima. Leo hii ukiingia maabara yoyote ya mambo ya jeni, iwe Boston iwe Morogoro, kopo la LB utalikuta kabatini.

Sasa kabla hujalipa soma lebo vizuri, maana LB ziko tatu na wauzaji wengi kwenye orodha zao za bei wanaandika LB brothi tu halafu wananyamaza. Kuna ya Miller, ina chumvi gramu 10 kwa lita. Kuna ya Lennox, gramu 5. Na kuna ya Luria, nusu gramu. Triptoni ni gramu 10 na hamira gramu 5 kwenye zote, kwahiyo kinachocheza ni chumvi tu, na ndo maana Miller unapima gramu 25 kwa lita, Lennox unapima 20. Ukipiga hesabu kopo la gramu 500 la Miller linakutolea lita 20, la Lennox lita 25, ila hiyo tofauti ya lita tano isikudanganye ukadhani umepunjwa au umepata ofa, ni uzito wa chumvi tu umetoka.

Kama kazi yako ni plasmidi za kuhimili antibayotiki za ampisilini au kanamisini hutaona tofauti yoyote, bakteria wataota kote. Shida inakuja ukitumia antibayotiki ya Zeocin, hiyo dawa chumvi ikizidi inapoteza nguvu, unaweza ukaweka kipimo sahihi kabisa na bado ukakuta hata wale wasio na plasmidi wanapeta. Higromisini nayo haipendi chumvi. Mimi nasema hivi, kama unanunua kopo moja tu nunua Lennox. Siku ukitaka Miller unaongeza gramu 5 za chumvi ya maabara kwa lita, umemaliza, wakati aliyenunua Miller hana namna ya kuichomoa chumvi yake. Sijui kwanini watu bado wanaagiza Miller kwa mazoea.

Kutengeneza ni rahisi mpaka inachekesha. Unapima, unamwaga kwenye maji ya distili, unakoroga, inayeyuka yenyewe bila moto, rangi inakuwa ya manjano kama chai ya rangi iliyochemka kidogo sana, pH inakaa karibu na 7 bila kuigusa. Maji ya betri ya pale sheli tafadhali usiyatumie, mengine ni masafi mengine yana mambo yake na lebo haikwambii kitu. Chupa usiijaze, ishia nusu au theluthi mbili, kifuniko legeza, ipike kwenye otoklevu, lile sufuria la mvuke wa presha la kuua vimelea, nyuzi 121 kwa dakika 15 kama ni chupa ndogo, chupa ya lita nzima ipe 25 hadi 30 kwasababu katikati kunachelewa kupata moto. Ikitoka imekuwa kahawia maana yake umeipika kupita kiasi, amino asidi na sukari zimeungana kwenye joto, bado bakteria wataota ila usiitumie kwa kazi ya vipimo makini.

Otoklevu kama hamna, presha kuka ya jikoni inafanya kazi, na hapa kuna kitu ambacho watu wa Pwani hawakifikirii ila watu wa bara kinawahusu sana. Ile presha ya psi 15 inatoa nyuzi 121 ukiwa usawa wa bahari. Ukipanda Nairobi, ambako uko juu ya mita 1,600, hewa ya nje ni nyepesi, kwahiyo psi 15 hizohizo za kwenye geji zinakupa kama nyuzi 118 tu. Otoklevu yenye geji unaweza kuisogeza mpaka karibu na 18 ukapata 121 yako, presha kuka haina huo uwezo na usijaribu kuilazimisha kwa kukandamiza kidude cha juu, iongezee muda tu, dakika 30 kwa chupa ndogo. Arusha na Mbeya vilevile. Halafu kabla hujaanza kuhesabu dakika acha mvuke utoke kwanza kwa muda, hewa ikibaki ndani geji inasoma presha sawa ila joto halijafika. Na ile tepu yenye mistari inayogeuka nyeusi inakwambia tu kwamba imepita kwenye joto, haisemi kwamba vimelea wamekufa, kuna maabara watu wanaiamini kama cheti.

Kipimo ninachokifanya kwa kila kopo jipya ni cha kizembe ila kinasema ukweli, chupa moja ya brothi tupu bila bakteria bila dawa inalala usiku kucha kwenye nyuzi 37. Asubuhi iwe angavu unaona upande wa pili. Ikiwa na ukungu basi tatizo ni otoklevu au mikono yako, siyo unga, maana unga wenyewe hauuzwi ukiwa hauna vimelea, hakuna aliyekuahidi hivyo.

Haya, tufike kwenye malalamiko, maana kila nikimuuliza mtu kwanini hataki LB ya kopo jibu ni hilohilo, eti bakteria hawaoti vizuri, OD, yaani kipimo cha ukungu wa brothi, inagoma. Ukienda kuangalia anachootesha unakuta flaski ya mili 250 imewekwa brothi mili 200, imefungwa foili imebanwa kisawasawa, iko kwenye sheka, mashine ya kutikisa, inazunguka taratibu kama inabembelezwa. Kaka, hao bakteria wanakosa pumzi! E. coli ikiwa na hewa na chakula kwenye nyuzi 37 inajigawa kila baada ya dakika 20 hivi, ila ikishakuwa wengi wanamaliza oksijeni ya kwenye maji haraka kuliko inavyoingia, na oksijeni inaingilia juu tu pale maji yanapokutana na hewa. Kwahiyo kanuni ni moja ya tano, flaski ya mili 250 weka mili 50 usizidishe, flaski ya lita moja weka mili 200, mzunguko 200 hadi 250 kwa dakika, foili iwe imekaa kilegevu. Flaski zenye mikunjo chini ndo nzuri zaidi maana zinayavuruga maji. Tyubu za mili 50 zile za plastiki weka mili 5 hadi 10, zilaze kwa kuinama, kifuniko legeza halafu kishikize kwa kipande cha tepu kisidondoke. Ukifanya hivyo unga huohuo uliokuwa unautukana utaona unakuletea OD ya 3, 4, hata 5 asubuhi.

Na OD yenyewe isome vizuri. Spektrofotomita nyingi zikishapita 1 zinaanza kudanganya, mwanga unatawanyika mara mbilimbili, namba inaganda hata kama bakteria wanaongezeka. Punguza mara kumi kwa brothi tupu, soma, zidisha. Na sifuri weka kwa brothi hiyohiyo siyo kwa maji, LB ina rangi yake. OD ya 1 kwa E. coli ni kama seli milioni 800 kwa mili moja, makadirio tu, inategemea mashine na aina ya bakteria.

Ila sasa nisiitetee sana mpaka nikadanganya watu. LB ina udhaifu wa kweli na hauondoki hata ukiwa na flaski ya dhahabu. Sukari ndani yake ni kiduchu mno, bakteria wanaishi kwa kula amino asidi, wanakula zile tamu kwanza halafu wanahamia kwa nyingine na kila wanapohama mwendo unapungua. Kuna watafiti, Sezonov na wenzake, walichapisha 2007 wakaonyesha kwamba ukuaji ule wa mwendo mmoja kwenye LB unaisha mapema sana, OD ikifika 0.3 tu, wakati huku sisi tunahesabu kwamba 0.6 bado wako kwenye kasi ileile. Kwa kuzalisha plasmidi haikuhusu kabisa. Ila kama unapima mwendo wa ukuaji, au unalinganisha jeni zinavyowaka kati ya sampuli na sampuli, LB itakusumbua na matokeo yako hutayaelewa, tengeneza M9, brothi ya chumvi zinazojulikana, yenye glukosi, ni kazi zaidi ila unajua kila kilichomo.

Kwa wale wa protini nao, wa BL21 (E. coli ya kutengenezea protini) na IPTG (kemikali ya kuwasha jeni), LB inatosha kujaribu kama protini inatoka. Ukitaka kiasi nenda Terrific Broth, kwa lita ina triptoni gramu 12, hamira gramu 24, gliseroli mili 4 na fosfeti ya kushikilia pH isiyumbe, pale OD inapita 10 bila shida ukiwapa hewa. Afu kuna kitu kimoja watu hawaambiwi, triptoni inatokana na maziwa, kwahiyo baadhi ya mizigo inakuja na laktosi kidogo ndani, na laktosi ndo inayowasha ile swichi ya jeni kwenye BL21 yenye DE3, kipande cha DNA kilichobeba swichi hiyo. Unakuta protini imeshaanza kutengenezwa kabla hujaweka IPTG, na kama protini yenyewe ni sumu kwa bakteria wanafifia au wanaitupa plasmidi. Mtafiti Studier aliieleza vizuri hii 2005. Dawa yake ni glukosi asilimia 0.5 hadi 1 kwenye brothi ya kulalisha usiku. Hii ndo sababu nasisitiza andika namba ya mzigo wa kopo kwenye daftari lako, siku ukibadilisha kopo na mambo yakabadilika ujue pa kuanzia.

Swali la bei. Kununua triptoni, hamira na chumvi mbalimbali ukachanganya mwenyewe inashuka bei kwa lita, hilo halina ubishi, na ukiwa na makopo hayo matatu unaweza kutengeneza LB zote na brothi nyingine kama 2xYT, na ukiongeza vitu vichache hata Terrific Broth na SOC. Kwa maabara yenye wanafunzi wengi na mizani nzuri mimi ningeenda huko. Ila kwa maabara ndogo inayotengeneza lita moja moja, unga wa kopo unakupunguzia kupima mara tatu, unapunguza vumbi la hamira puani, na mwanafunzi mgeni hawezi kusahau kitu kimoja. Vidonge pia vipo, unadondosha kwenye maji huhitaji hata mizani, kwa lita unalipa zaidi, vinafaa kwa mafunzo ya shuleni. Ukipata ya punje badala ya unga laini chukua, hairuki hewani.

Sasa kopo. Jamani kopo! Huu unga unavuta unyevu vibaya sana, na unyevu wa Dar mnaujua, hasa Machi na Aprili. Kopo la mwisho nililoletewa lilikuwa na kifuniko cha kusokota tu, hakuna karatasi ya kuziba ndani, kilichofuata juu kumeshikana kama sukari guru, ukichota kijiko kinarudi na jiwe. Unga ulioganda kidogo bado unafaa, uponde ukayeyushe, ila uzito wake sasa una maji ndani kwahiyo gramu 25 zako siyo 25 za kweli. Ulioganda ukawa kahawia au unanuka tofauti tupa. Ndo maana nakataza watu kununua ndoo ya kilo 5 kwa tamaa ya punguzo, labda mnatumia lita kwa lita kila siku. Gramu 500, ukifungua gawa kwenye vichupa vikavu vinavyofunga vizuri, tia vile vipakti vya silika, weka kabatini pakavu. Friji hapana, ukitoa kopo la baridi ukalifungua kwenye joto letu umeita maji mwenyewe.

Antibayotiki siyo sehemu ya kopo ila zinaharibu sifa yake kwahiyo niziseme. Weka brothi ikishapoa, kama unaweza kushika chupa bila kuruka basi ni kama nyuzi 50, hapo ni sawa. Ampisilini mikrogramu 100 kwa mili, kanamisini 50. Ampisilini haidumu, wale bakteria wenye plasmidi wanatoa kimeng'enya kinachoisaga nje kabisa ya seli, kwahiyo ukiwaacha masaa mengi kupita kiasi dawa inakwisha na wasio na plasmidi wanaanza kuota, unavuna maji mazito lakini plasmidi kiduchu, halafu mtu anasema LB mbaya. Masaa 12 hadi 16 yanatosha. Mwenye bajeti atumie kabenisilini, inavumilia zaidi. Na umeme ukikatika usiku sheka ikasimama, bakteria wanazama chini na hewa wanakosa ila kwenye joto la Dar hawafi wala hawaachi kuota, wanaota kivyao taratibu, asubuhi soma OD kwanza kabla hujaamua kumwaga. Kama una sampuli muhimu kila mara tunza akiba na gliseroli asilimia 20 kwenye nyuzi kasoro 80, usitegemee brothi ya juzi.

Nani asinunue. Watu wa hospitali mnaopima kama vimelea wanasikia dawa, mnatakiwa brothi ya Mueller-Hinton, LB haina viwango vya kusomea hayo majibu. Wanaotengeneza mtindi na wenye lactobacillus waende brothi ya MRS. Wenye streptococcus na Haemophilus watakatishwa tamaa, hao wanataka damu au vitu vya kwenye damu. Na mwanafunzi anayetaka kutia maji ya mtaro kwenye LB aone kitakachoota, usifanye hivyo nyumbani, unaotesha usiyemjua kwa mamilioni. DH5α na jamaa zake wa ukoo wa K-12 ni wapole, wa mtaroni hatuna uhakika nao. Ukimaliza kazi brothi yote iliyotumika irudi otoklevu, au Jiki mpaka iwe sehemu moja kati ya kumi ikae nusu saa, ila usifanye vyote viwili, Jiki haiingii otoklevu.

Kuhusu kuagiza, mwambie muuzaji akutumie picha ya lebo yenye namba ya mzigo na tarehe ya kuisha kabla hujatuma hela, na aandike kwenye ankara kama ni Miller au Lennox. Muuzaji mzuri anakupa na karatasi ya vipimo vya mzigo huo bila kununa. Niliwahi kuletewa kopo limebaki miezi michache kuisha kwa bei ya jipya, muuzaji mwenyewe akanibadilishia baada ya kelele kidogo. Na kama mnachanga maabara mbili tatu kununua pamoja, gawaneni unga siku hiyohiyo kopo linapofunguliwa, kila mtu aandike tarehe, aina na namba ya mzigo kwenye kichupa chake.